Zaina, Samaki Wako Karibu Nimuue

Muke mwenzangu Zaina,

Miguu yako imekatika? Nimemuambia Mama Veronika aandike swali hili mbele ya salamu. Kutoka Kindu mpaka hapa Kasongo kamyo zinakuja kila juma. Zinaleta chumvi, zinaleta vitambaa, zinaleta hata watu wenye hakuna mutu aliwaomba. Wewe tu hazikuleti. Mvua imekwisha, kiangazi kimekwisha, mvua ingine imeanza, na mimi niko hapa naangalia barabara sawa mutu mwenye alipoteza mbuzi. Nani alikufundisha kukaa mbali namna hii? Siko mimi. Mimi nyanya yako nilikubeba mugongoni kutoka Wamaza mpaka Kabambare, siku mbili za miguu, ukanikojolea njia yote, na sikukutupa.

Basi, salamu njo hii: niko muzima, meno yamebaki manne, magoti yanalia. Mama Veronika, jirani yetu wa misioni, njo anaandika, juu mimi sikuingia masomo hata siku moja. Wakati wetu masomo ilikuwa jembe. Ananiambia, "Mama, maneno mengine tuyapunguze makali." Nimekataa. Aandike sawa ninasema. Na barua hii nimekataza kuifunga na gundi. Dereva wa kamyo akitaka kuisoma njiani, asome. Aibu yenye iko ndani ni yangu mimi, nataka itembee.

Sikia sasa. Samaki wako karibu nimuue.

Usilie bado. Nimesema karibu.

Unakumbuka siku ya kwanza uliniambia habari ya samaki huyu? Ulikuwa unafua na kupiga pasi nguo za Madamu wa bwana wa pamba, kule Kabambare, na Madamu alikuwa na sanduku la kioo lenye samaki wadogo wa mito yetu wenyewe. Alikuwa anaingia mutoni na kitambaa chake, sketi juu ya magoti, anawavua sawa vile watoto wanafanya. Walipomaliza muda wao, wakarudi Ulaya, akakuachia mumoja katika bokali kubwa ya kioo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakuambia, "Kazi yote ile, na Madamu anakupa samaki mumoja? Hata kitoweo cha mutu mumoja hatoshi!" Ukakasirika. Ukasema, "Nyanya, huyu haliwi. Huyu anaangaliwa."

Anaangaliwa! Kama bibi arusi! Mimi nimekula samaki tangu jino langu la kwanza. Wa Lualaba, wa vijito, ndagala wakavu wenye wanatoka ziwa. Sijawahi kumuuliza hata mumoja kama amelala vizuri. Mume wetu, babu yako, Mungu amurehemu, alikuwa angali muzima siku ile, na yeye njo alikutetea. "Muache muke wangu mudogo na samaki wake," alisema. "Wewe muke mukubwa wivu utakuua." Alikupenda kuliko mimi, muzee yule, na hakuficha.

Halafu siku yenye ulikuja naye hapa. Ile sitaki kuisema, lakini nitaisema. Ulishuka kwenye kamyo, bokali umeishika kwenye kifua, umeifunga na kitambaa. Nguo yako ilikuwa imelowa mbele, na mimi nikafikiri ni maji ya samaki yamemwagika. Nikakuambia, "Nenda kubadilisha nguo, samaki wako amekukojolea." Haikuwa maji ya samaki. Ilikuwa maziwa. Mutoto wako mulikuwa mumemuzika siku tisa kabla, na maziwa yalikuwa hayajui bado.

Ulikaa kwangu siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu, asubuhi, nilikuletea uji na nikakuta mukeka umekunjwa. Bokali iko kwenye rafu, wewe hauko. Nilisimama na sahani mukononi mpaka uji ukashika ngozi. Nilishituka kuliko siku babu yako alikufa, juu babu yako alikuwa muzee, alituambia mapema. Wewe hukuniambia neno.

Nikamuweka samaki wako pale pale uliacha, kwenye rafu ya chumba cha nyuma. Kila siku nilimupa vile vidudu vinacheza ndani ya maji ya mutungi, na maji nilimubadilishia kidogo kidogo sawa nilikuona wewe unafanya. Sikumupenda, nisiseme uongo. Lakini nilimutunza. Akakaa vizuri, mugongo wake wa rangi ya buluu ya kufulia, mukia mwekundu sawa pilipili, anazunguka, anazunguka.

Mvua hii ilipoanza, paa la chumba cha nyuma likavuja. Nikamuhamisha mbele, kwenye kiti karibu na mulango. Nikafikiri pale atapata hewa, ataona watu. Kuku wanapita, mbuzi wa jirani anaingiza kichwa, jua linamupiga muchana, asubuhi baridi ya mvua inamushika. Asubuhi moja naamka, naangalia. Mwili wote madoa meupe, sawa mutu amemupangusa unga wa muhogo. Mapezi ameyakunja kama mutu mwenye anasikia baridi. Analala chini, anapumua mbio mbio. Halafu anaruka, anajisugua kwenye jiwe sawa mbwa mwenye upele, analala tena.

Nilishika mudomo. Haikuwa juu ya samaki, Zaina. Nilifikiri hivi: huyu njo kitu kimoja tu umeacha katika nyumba yangu. Akikufa, utarudi kuchukua nini?

Basi nikafanya kile tunafanya. Mugonjwa akiwa nyumbani, unaita watu. Kwetu mugonjwa hakai peke yake, anakaa peke yake mukoma na mulozi mwenye kuroga watu. Nikamuita wifi yangu Mwamini, akaja na mukeka wake. Nyuma yake wakaja wengine, na wengine nyuma yao, juu hakuna mutu katika Kasongo yote alikuwa ameona samaki mwenye anauguzwa. Nyumba ikajaa. Mwamini akakaa mbele kabisa, akapiga kioo na pete yake, ko, ko, ko.

"Ee, samaki! Pole! Unaumwa wapi?"

"Hajibu," mumoja akasema.

"Atajibu na nini, na mudomo umejaa maji?"

"Mumupe bugali. Mugonjwa mwenye anakula hafi."

Nikamupa bugali. Akakataa. Nikamuongezea. Maji yakaanza kuwa meupe. Mwamini akasema labda hapendi bugali kavu, labda anataka muchuzi, akadondosha mafuta ya mawese, tone moja, mbili, na mafuta yakafunika maji juu sawa kifuniko cha sufuria. Samaki akapanda, akafungua mudomo kutafuta hewa, akakuta mawese. Nilishituka, nikamwaga maji yote inje. Bokali nikaisugua na sabuni, nikajaza maji ya chemchemi, yale baridi yenye yanauma meno, nikamurudisha ndani kwa mukupuo mumoja. Nilifikiri ninamuogesha.

Akalala ubavu. Tumbo likageuka juu.

Na muzee mumoja nyuma, jina lake sitaki hata karatasi ilijue, akauliza, "Sasa akikufa, nani atamukula?" Nilimufukuza na mwiko.

Ile saa njo alifika Selemani, yule mupishi wa Madamu wako. Unamukumbuka, mwenye kutembea kifua mbele kama yeye njo bwana wa pamba. Alikuwa amekuja Kasongo kuwasalimia wakwe zake, na sokoni akasikia eti kwetu kuna kilio cha samaki. Alikuja kucheka. Aliingia anacheka. Akaona bokali, na Mwamini angali anapiga kioo na pete yake, akaacha kucheka. Akaangalia watu, mumoja mumoja.

"Watu wote hawa wanafanya nini hapa?"

Nikasema, "Wanamuangalia mugonjwa."

Akaniambia, "Mama, samaki huyu hafi na ugonjwa. Anakufa na wageni."

Hata kuku alisimama. Mwamini njo alijibu wa kwanza. "Wewe mupishi, kuwapikia wazungu kumekusahaulisha adabu?"

"Adabu ni ya watu, mama. Samaki akiona kivuli kikubwa juu yake, anajua ni ndege amekuja kumukula. Tangu asubuhi ndege ishirini wamekaa hapa. Na wewe ndege mukubwa kuwapita wote unapiga kioo chake sawa mulango."

Unamujua Mwamini na mwili wake. Watu walitaka kucheka, wakaogopa.

Selemani akawatoa wote inje. Akaniambia kile alikuwa anaona Madamu anafanya wakati samaki wake walishikwa na yale madoa. Nimusogeze jikoni, karibu na mafiga, siko juu ya moto, pale joto iko sawa ya kuku mwenye analalia mayai. Nifunike bokali na kitambaa cheusi, niache nafasi ya hewa tu. Siku tatu nisimupe kitu cha kula, hata kidudu kimoja. Asubuhi nitoe kibuyu kimoja cha maji na niingize kibuyu kimoja, jioni vile vile. Maji yale yakae kwanza juani, na niyapime na kiwiko mpaka kiwiko kisijue maji yapi ni mapya. Na chumvi, vidole viwili, niiyeyushe pembeni kwanza, nisimutupie machoni.

"Na kuliko yote, mama," akasema, "usimuangalie."

"Hata mimi? Mimi njo ninamutunza!"

"Wewe zaidi."

Akaenda kwa wakwe zake. Mimi nikafunika bokali, nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, na pale, Zaina, pale njo nilishikwa.

Nilikuona wewe, zile siku kumi na mbili. Uso kwenye ukuta, magoti umeyakunja, kitambaa mpaka kwenye masikio. Na mimi naleta watu. Asubuhi kundi, muchana kundi, jioni wale wa shambani na matope yao miguuni. Wanakaa kwa kuzunguka mukeka wako. "Mutoto alishikwa na nini? Alikuwa na alama? Wewe ulikula nini mimba ikiwa ya miezi saba? Ulipita kwenye kaburi?" Wanauliza, na mimi, juu najua kuongea kuliko wewe, ninajibu mahali pako. Nilikukalisha na mukono mugongoni, nikakuingizia bugali mudomoni sawa mutoto, mbele ya watu, na nilipoona umemeza nikawaambia, "Mumeona? Atapona."

Siku ya tatu uliniambia, pole pole, mudomo kwenye sikio langu: "Nyanya, leo wageni wasiingie. Leo tu."

Na mimi nikacheka. Uliona nikicheka? Nikasema, "Mutu anakataa pole? Unataka waseme tunaficha kitu?" Hukuomba tena. Siku tisa zingine hukuomba kitu. Mimi nikafikiri umetulia.

Selemani aliniambia neno lile juu ya samaki tu. Habari zako hakuzijua. Lakini nilikaa kwenye kigoda mpaka moto ukazimika muchana kweupe, na jirani akaja kuuliza kama niko mugonjwa, nikamuambia nenda.

Kufunga mulango muchana, unajua kwetu ni nini. Ni kujiita mulozi wewe mwenyewe. Nikafunga. Mwamini akaja, akasukuma, akakuta nimeweka muti nyuma.

"Wifi! Unaficha nini?"

"Nyumba iko na mugonjwa."

"Njo maana nimekuja!"

"Njo maana utaenda."

"Eee! Juu ya samaki wa kidole kimoja, unanifungia mimi, dada ya mume wako!"

"Hata mume angefufuka leo, angesimama inje."

Akaenda anapiga kelele kwenye barabara yote kwamba nimegeuka, kwamba ninakula kitu peke yangu. Mutaa muzima ukasikia. Watu hawakunisalimia vizuri kisimani. Mimi, mwenye nilikuwa wa kwanza kwenye kila matanga, wa kwanza kwenye kila uzazi! Iliniuma, nisikudanganye. Lakini nilifikiri, Zaina alitoka hapa peke yake, hakuna mutu alifungia wageni mulango huu juu yake hata saa moja. Mimi nitashindwa siku tatu?

Siku tatu bila kumuangalia. Nilibadilisha maji na uso wangu pembeni, nikatumia vidole kama kipofu. Mara ngapi mukono wangu ulishika kitambaa ukitaka kukifunua! Mukono wa kulia ulikuwa unaenda, wa kushoto unauzuia. Nilifikiri: labda amekufa, na ninatunza mufu. Niliweka pua karibu kusikia kama ananuka. Hakunuka. Njo habari moja tu nilikuwa nayo.

Siku ya nne, asubuhi, nikafunua pembe ya kitambaa, kidogo, nafasi ya jicho moja. Alikuwa amesimama, Zaina! Siko kulala chini, siko ubavu. Amesimama katikati ya maji, mapezi wazi. Madoa yamebaki matatu manne karibu na mukia. Nilishituka mpaka nikasahau kufurahi. Nikafunika haraka sawa mutu mwenye ameona watu wanaoga. Siku ya tano nikamuangushia kidudu kimoja, nikageuka, nikahesabu pumzi zangu. Nilipogeuka tena, kidudu hakiko.

Sasa yuko muzima. Mukia umekatika upande mumoja, labda hautarudi. Anakaa jikoni pale pale, na kitambaa chake nafungua asubuhi, nafunga jioni. Nikipita pole pole anakuja kwenye kioo, nikipita na haraka anakimbia nyuma ya jiwe. Basi napita pole pole. Muzee kama mimi, ninatembea katika jiko langu mwenyewe sawa mwizi, juu ya samaki!

Nilipokuwa nasema haya Mama Veronika akaacha kuandika. Nikamuuliza kama wino umekwisha. Akasema, "Mama, hata mimi nilikuwa pale. Mimi njo niliuliza habari ya alama." Tone lenye uko unaona hapo kwenye karatasi ni lake, siko langu. Langu lilianguka kwingine.

Dereva aliniambia unafua mashuka ya hospitali kule Kindu, na kwamba umepata chumba chenye mulango wa kufunga na funguo. Siku ile nilishangaa sana. Nikawaambia watu, "Mutu anafunga mulango na funguo juu ya nani? Kindu kuna wezi namna gani?" Sasa najua juu ya nani. Juu yangu.

Sitakuambia nisamehe, sijui bei ya neno hilo. Nitakuambia kitu kimoja chenye kimenishitua kuliko vyote, na nimekificha mpaka hapa mwisho juu naona haya. Nilikuuliza homa ya mutoto. Nilikuuliza siku zake, maziwa yake, nani alimushika wa kwanza, nani alimushika wa mwisho. Jina sikukuuliza. Siku kumi na mbili ulikaa kwangu, kitukuu changu amelala katika udongo wa Kabambare, na mimi sijui wanamuita nani. Sikuulizi hata sasa. Nakaa nalo swali langu.

Usifikiri nakuita juu ya samaki. Yeye amepona, anaweza kunizeekea hapa. Mimi njo siwezi bila wewe. Fua mashuka yako vizuri, kula, funga mulango wako na funguo kila wakati unataka kuufunga, na mutu akikuuliza, muambie nyanya yako amekuruhusu.

Na siku utakuja, usitume habari mbele, juu ukituma habari Mwamini ataisikia kabla yangu. Umuombe dereva akushushe mbele ya kufika misioni. Usipite sokoni. Pita nyuma, katika muhogo, umekuwa murefu sasa, utakuficha mpaka kwenye ukuta. Mulango wa jikoni unasukumwa tu. Usipige hodi. Ingia, mukeka umetandikwa upande wenye hakuna dirisha, lala, geukia ukuta kama unataka. Mimi nikikuta umelala nitatoka tena inje, nitakaa na jembe langu mpaka wewe mwenyewe uniite.

Mimi nyanya yako,
muke mukubwa